Rejea Kabla ya Jumatatu

ARAFA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

NUH: Arafa? Ni mimi. Nuh.

ARAFA: [Anageukia ukutani]

NUH: Haloo? Laini imekatika?

ARAFA: Haijakatika. Assalamu alaykum.

NUH: Waalaykumu salaam. Wazima huko Garsen? Poleni na mafuriko. Na mama, Mungu amrehemu, sikupata hata—

ARAFA: Tumeshapoa. Mwanangu je?

NUH: Mzima. Amelala. Dada Fahima anamlea kama wake.

ARAFA: Mwambie wifi yangu ahsante. Lakini asimlee sana kama wake.

NUH: Arafa...

ARAFA: Sema upesi. Niko dukani kwa Dukicha, wanaume wamejaa hapa, wanajifanya wananunua sukari na masikio wameyatega yote.

NUH: Ngoja. Uko dukani wewe mwenyewe? Umetoka nje?

ARAFA: Nimetoka.

NUH: Labda ni kwa dharura. Mwenye eda akiwa na dharura anaruhusiwa, sheikh wa huku—

ARAFA: Umenipigia kutoka Amerika unisomeshe fikihi?

NUH: La, la. Sikiliza, kadi yangu ya simu ni ndogo. Jumatatu naitwa na watu wa uhamiaji. Ile ruhusa yako ya kukaa huku, unakumbuka, ni ya miaka miwili, kwa sharti kwamba wewe ni mke wangu. Inaisha mwezi huu. Ili wakupe ya kudumu, lazima niinue mkono niape ndoa bado ipo.

ARAFA: Si uape!

NUH: Nitaapaje, na nilikuacha?

ARAFA: Uliniacha kwa mdomo, Nuh. Kwa simu hii hii. Kwa kuwa nilisema siwezi kumwacha mama anakata roho nirudi kukupikia. Serikali ya Amerika ilikusikia?

NUH: Mungu alinisikia.

ARAFA: [Anacheka kidogo] Siku ile hukumkumbuka.

NUH: Hasira, Arafa.

ARAFA: Hasira zako, hasara yangu. Na nisipoipata hiyo ya kudumu?

NUH: Hupandi ndege. Mwanasheria kasema aliyeachwa anaweza kujitetea peke yake, lakini awe yuko huku. Ukiwa nje, na kadi ya ukaazi imekufa mkononi—

ARAFA: Na mwanangu Mwanaarusi?

NUH: Ndiyo maana nimepiga.

ARAFA: Basi mlete. Mpandishe ndege, umlete kwetu.

NUH: Na pumu ile? Daktari alikukatalia usisafiri naye, atakubali sasa? Usiku hapumui bila mashine. Garsen tutaichomeka wapi?

ARAFA: [Laini inakwaruza]

NUH: Upo?

ARAFA: Nipo. Nitakwenda wapi.

NUH: Nilikupa talaka moja tu. Ukiwa bado ndani ya eda, mume akisema "nimekurejea", yamekwisha, wewe ni mkewe. Hakuna mahari, hakuna walii.

ARAFA: Unanifundisha? Nilikaa uani kwa mama mdogo nikilisubiri neno hilo! Hapo nyuma ya duka. Simu ikilia kwa Dukicha, naacha chungu motoni, nasimama mlangoni.

NUH: Nilipiga! Laini ya Garsen ilikuwa imekufa na mvua—

ARAFA: Ilifufuka ndani ya Ramadhani, mimi ningali uani nikisubiri.

NUH: Niliona aibu.

ARAFA: Hukulitamka hata ukiwa peke yako? Wanasema si lazima mimi nisikie.

NUH: Nilinuia. Wallahi kila siku nilinuia.

ARAFA: Kunuia.

NUH: Sheikh kasema nia haitoshi.

ARAFA: Basi tufunge ndoa upya.

NUH: Walii wako ni Tahir.

ARAFA: Kaka Tahir yuko Ozi, na njia imefunikwa na maji. Tena amekwisha kuapa hakupi dada yake mara ya pili, hata ulete ng'ombe wote wa Tana.

NUH: Unaona? Limebaki moja tu. Arafa... eda imeisha?

ARAFA: [Mtu dukani anakohoa]

NUH: Arafa?

ARAFA: Imeisha.

NUH: Laini inakwaruza.

ARAFA: Nimesema ime—

NUH: Usiharakishe! Hilo ni la mwanamke. Akisema bado, ni bado, hata sheikh hamuulizi zaidi. Fikiri kwanza, halafu nijibu. Mimi nitashika neno lako.

ARAFA: Kumbe.

NUH: Kumbe nini?

ARAFA: Kwa ofisa hutaki kuapa uongo. Kwa Mungu huwezi kusema ulilitamka. Sasa mzigo nibebe mimi.

NUH: Ni kwa ajili ya mtoto.

ARAFA: Na nikija nilale wapi? Kitandani kwako, na mimi peke yangu najua ni zinaa?

NUH: Sijui. Arafa, mimi sijui. Nimemaliza akili zangu zote.

ARAFA: Unalia?

NUH: Kadi inasema dakika moja. Nijibu.

ARAFA: Usiku akikosa pumzi, anamwita nani?

NUH: Fahima. Dakika, Arafa!

ARAFA: Anamwitaje?

NUH: Si umesikia, Fahima—

ARAFA: Nuh. Anamwitaje?

NUH: Mama.

ARAFA: [Kimya kirefu]

NUH: Haloo?

ARAFA: Bado.

NUH: Nini?

ARAFA: Eda. Bado haijaisha.

NUH: Alhamdulillahi! Nimekurejea, Arafa. Umesikia? Nimekurejea!

ARAFA: Nimesikia. Duka zima limesikia. Kwanza wamenisikia nikisema imeisha.

NUH: Waache. Jumatatu naapa. Mungu atatusam—

ARAFA: Usimtaje.

NUH: Arafa—

ARAFA: Tuma tiketi tu, Nuh. Usimtaje.

NUH: Kadi inai—

ARAFA: Haloo? Nuh? ... Haloo?