Bado: Miaka Thelathini na Saba ya Mwalimu Vitus Kikoti

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Vitus Kikoti anatimiza miaka sitini ya umri na miaka thelathini na saba ya utumishi, na kwa mujibu wa sheria anastaafu. Karibu minane ya mwanzo aliitumikia Makongolosi, wilayani Chunya. Iliyobaki yote ameimalizia hapa hapa kwetu Ipogolo, akifundisha Jiografia asubuhi na michezo jioni.

Leo Jumamosi tumekutana kumuaga kwenye uwanja ambao ni kazi ya mikono yake. Alipofika mwaka 1996 hapa palikuwa na kichaka chenye kichuguu katikati. Yeye na wanafunzi walikichimbua kwa majembe mihula miwili, na mistari wakaichora kwa majivu ya jikoni, kwa sababu chokaa iliyoahidiwa haikuja. Mpaka leo haijaja, na mistari bado ni ya majivu.

Mwalimu Kikoti ni mzaliwa wa Kilolo, mtoto wa wakulima. Makongolosi alipewa darasa la watoto sitini na mmoja, na kila wiki wavulana kadhaa walitorokea kwenye machimbo ya dhahabu. Alipoita majina asubuhi, wenzao waliwajibia: "Bado, mwalimu." Kanuni ilimtaka awaandike watoro. Yeye aliandika kile alichoambiwa: bado. Wengine walirudi darasani wakiwa na vumbi kwenye kope. Wengine hawakurudi, na wawili tunajua kwamba shimo liliwafunika. Daftari lile la mahudhurio analo nyumbani hadi leo, na mwandishi wa wasifu huu amewahi kuliona. Halisomeki kwa furaha.

Hapa Ipogolo anajulikana zaidi kwa Mbio za Mlimani, alizozianzisha mwaka 1998. Wakimbiaji huondoka shuleni, hupanda mlima hadi pale mji wa Iringa unapoanzia, huzunguka jiwe lililopakwa rangi nyeupe, kisha hushuka kumalizia uwanjani. Kwa gari ni safari ya dakika chache. Kwa miguu ni habari nyingine kabisa, na walimu vijana waliowahi kujaribu wanaombwa wasikanushe.

Matokeo yote yamo kwenye kaunta buku moja ambalo limegundishwa jalada mara tatu. Safu ya kwanza ni jina, ya pili ni muda. Asiyefika huandikiwa lile neno la Makongolosi. Mwalimu Kikoti hakuwahi hata siku moja kuandika "hakumaliza", na hakuwahi kuondoka kwenye mstari kabla ya mkimbiaji wa mwisho kufika au kurudishwa. Mwaka mmoja tulimaliza pilau yote ya sherehe yeye akiwa bado amesimama juani na saa yake ya kupimia mbio. Wanafunzi wakambatiza Mwalimu Bado, naye akaitika.

Saulo, fundi wetu wa vipaza sauti leo, atakumbuka mwaka 2003. Akiwa kidato cha pili alidandia lori la nyanya lililokuwa linapanda mlima taratibu, akawa wa kwanza kwenye jiwe, na wa kwanza uwanjani, akiwa na nyanya iliyopondeka mgongoni. Mwalimu hakumchapa wala kumpeleka ofisini. Aliandika: "Lori la nyanya, dakika 31. Saulo, bado." Jumamosi iliyofuata Saulo alikuja peke yake, akakimbia mbio nzima, na Mwalimu akamwandikia muda wake halali, ambao kwa heshima ya mafundi mitambo hatutautaja.

Makombe tunayo mawili, yote ya mpira wa pete, moja likiwa na sikio moja. Wanafunzi wetu watatu wamewahi kuchaguliwa timu ya mkoa. Kwa miaka yote hiyo si mavuno makubwa, na Mwalimu Kikoti hajawahi kuyakuza.

Sasa ni zamu ya Mbuke, na hapa inabidi niache kujiita mwandishi wa wasifu huu. Ni mimi, Jailos Mwasomola, wakati huo mwalimu wa taaluma.

Mbuke Budeba alitoka Usangu, kwa wazazi wafugaji waliohamia huko kutoka Usukumani. Alikulia kwenye tambarare. Mwaka 2011, akiwa kidato cha tatu, aliupanda mlima akiwa mbele ya wavulana wote, akazunguka jiwe, akaanza kushuka. Kwenye kona ya pili kutoka chini alikanyaga changarawe, akateleza, goti la kulia likageuka. Tulimrudisha kwa gari.

Jioni nilikuwa naandaa taarifa ya michezo ya kupeleka wilayani. Nikakuta: "Mbuke Budeba, bado." Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Nikalikata lile neno na kuandika "hakumaliza". Asubuhi nikakuta chini ya wino wangu, kwa bluu, ameandika tena: bado. Hakunisema. Tulikunywa chai meza moja kama kawaida.

Daktari alisema binti atatembea vizuri. Kuhusu kukimbia hakusema ndiyo wala hapana. Mwaka mzima, kila Ijumaa jioni, Mwalimu Kikoti na matroni walipanda naye mlima, kwanza hadi nguzo ya tatu ya umeme, baadaye ya tano, baadaye ya tisa. Mama Apolonia, mkewe, anasema kila asubuhi mumewe alimtaja Mbuke katika sala. Hakumwombea ushindi. Alimwombea mguu wa kushukia.

Septemba 2012 Mbuke alijipanga tena mstarini. Akapanda akiwa wa mwisho, akazunguka jiwe. Kwenye kona ile ile goti likagoma. Tulingoja saa moja na nusu, tukamwona anarudi ndani ya gari, ameufunika uso kwa sweta. Muda mfupi baadaye alifanya mtihani wa kidato cha nne, akaenda zake Usangu.

Mimi nilikasirika. Nilimfuata Mwalimu Kikoti stoo ya michezo nikamwambia amempa mtoto wa watu matumaini ya bure. Alikuwa anakunja nyavu. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Sikumwahidi kwamba atafika, Mwalimu. Nilimwahidi kwamba atanikuta."

Niliona ni maneno ya mtu aliyeishiwa hoja. Imenichukua miaka mingi kuyaelewa. Mbele ya watumishi wote naandika kwamba nilikosea, na ninamwomba radhi.

Mwezi Aprili nilimtafuta Mbuke kwa simu. Sasa ni muuguzi, ana watoto wawili, na kituo chake cha kazi, amini usiamini, ni Makongolosi. Nilimwomba sentensi mbili za kumuaga mwalimu wake, nizitie kwenye programu hii. Akasema: "Mwalimu, mimi maneno sina. Hizo mbio zinaanza saa ngapi?" Nilimkumbusha goti. Akanijibu kwamba goti lake analijua kuliko mimi.

Mwalimu Kikoti, haya unayasoma kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana mbio za mwaka huu tumezileta Juni. Ndiyo maana tumekuketisha meza kuu, filimbi tukampa Mwalimu Tusekile, wakimbiaji wakaondokea nyuma ya bwalo, na programu hizi zikagawiwa baada ya wao kuondoka. Namba 47 ni Mbuke Budeba.

Naandika haya Alhamisi, kwa hiyo sijui kama atafika. Kona ya pili kutoka chini iko pale pale na changarawe yake. Wewe umeishi na kutojua huku miaka thelathini na saba, ukaamka kila siku ukaenda kazini. Mimi nimeishi nako miezi miwili tu na usingizi umenipaa.

Kwa niaba ya shule nzima, asante. Asante pia Mama Apolonia, kwa chakula chote kilichopoa mezani kikimngoja. Huko Kilolo unakorudi, Mwalimu, tunakuombea mvua kwa wakati wake, magoti mazima, na wajukuu wenye mbio kuliko wewe.

Saulo ameagizwa asizime muziki. Viti havitakusanywa na chakula hakitapakuliwa. Kaunta buku liko mbele yako, limefunguliwa ukurasa wa leo, na kalamu nyekundu nimeiacha nyumbani. Saa yako ya kupimia mbio imo ndani ya bahasha iliyo chini ya sahani yako, inatembea tangu filimbi ilipopulizwa.

Usiendelee kukaa meza kuu. Nenda mstarini, Mwalimu. Akija, akukute.