Papa Nlandu Mavambu na Wimbo Uliokosa Sebene

Papa Nlandu Mavambu Gaspard alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 karibu na Mbanza-Ngungu, akiwafuata dada zake mapacha, ndiyo maana akaitwa Nlandu. Mama yake, Matondo, aliuza kwanga, mkate wa muhogo, stesheni ya treni. Baba yake alifariki mapema.

Alisoma kwa mapadre hadi mwaka 1964. Huko alijifunza kupiga gitaa, na pia kusahihisha makosa katika maandishi ya wengine, tabia ambayo hakuiacha. Hata kadi za harusi alizirudisha kwa wenyewe zikiwa na alama za kalamu nyekundu.

Mwaka 1967 alihamia Kinshasa, akawa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja. Jumamosi alikuwa mtunzi na mwimbaji wa bendi ya Mwinda, mtaa wa Ngiri-Ngiri. Alipenda maneno. Sebene, yaani ile sehemu ya mwisho gitaa linapochachamaa na baa nzima kuinuka, aliiachia bendi, yeye akaenda kunywa maji.

Hivyo ndivyo alivyokutana na Mama Nzuzi Albertine. Mama Nzuzi alimfuata alipokuwa akinywa maji, akamwambia, "Wewe kaka, beti zako ndefu mno. Bia yangu inaisha sijacheza hata kidogo!"

"Dada, ungesikiliza usingeona urefu."

"Nasikiliza kwa miguu, mimi."

Juma lililofuata Papa alipunguza beti mbili. Hakuwahi kumfanyia mtu mwingine hivyo. Walifunga ndoa tarehe 22 Julai 1978 na kujaliwa watoto wanne.

Mwaka 1985 mama yake alifariki. Papa alipanda treni siku hiyohiyo, lakini iliharibika njiani, akafika siku moja baada ya maziko. Kutokana na hilo alitunga wimbo uitwao "Mama, Treni Imesimama." Wanabendi walimsihi autie sebene, akakataa. "Mnataka watu wamkatikie kiuno mama yangu kaburini?"

Aliuimba Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 1986. Watu waliketi kimya, beti zote saba. Papa alidhani kwamba hatimaye amesikilizwa. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamekwisha kusogeza viti, wanawake wamekaza vitenge viunoni. Kisha mtu mmoja akauliza, "Sasa mzee, sebene iko wapi?" Baa nzima ikacheka.

Hakuuimba tena. Bendi iliendelea naye hadi 1998, lakini wimbo huo ukitajwa alitoka nje. Watoto wake walipoleta nyumbani nyimbo za siku hizi, ambazo ni sebene tangu mwanzo, alisema, "Hawa hata salamu hawatoi!" Ila mguu wake chini ya meza ulikuwa ukigonga, na Mama Nzuzi akituonyesha sisi wa nyumbani kwa jicho.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Tarehe 2 Septemba 2024 alilazwa. Asubuhi ya siku ya nne, muuguzi aitwaye Makiese alikuwa akibadilisha shuka huku akiimba taratibu. Papa alifumbua macho.

"Binti, huo wimbo umeutoa wapi?"

"Ni wa mama yangu, Papa. Huuimba akitwanga majani ya pondu."

"Kautoa wapi yeye?"

"Baa moja Ngiri-Ngiri, zamani. Anasema walikaa wakingoja sebene, wakangoja weee, mpaka maneno yote yakawaingia. Mwimbaji akawanyima! Bibi alipofariki, mama aliuimba njia nzima ya makaburini."

Papa alimwomba auimbe wote. Aliuimba, beti saba, bila kukosea neno. Papa alilia, kisha akacheka mpaka tukaogopa kwa ajili ya moyo wake. Jioni alimwita rafiki yake Papa Zuka, mpiga gitaa wa Mwinda.

"Zuka, utie sebene."

"Leo? Si ulisema ni kumkosea mama?"

"Watu wamengoja miaka thelathini na minane. Huko ndiko kukosea."

Kwa siku tatu alimpigia mdundo kwa vidole kwenye ukingo wa kitanda, akimsahihisha. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, Mama Nzuzi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Nzuzi Albertine. Watoto wanne, Nsona, Lukau, Mbuyi na Luzolo. Dada mmoja, Nzumba. Na wajukuu tisa.

Baada ya kutia udongo kaburini, Papa Zuka atapiga gitaa na Makiese ataimba. Familia inaomba wakati wa beti saba msikilize. Zikiisha, msikae. Safari hii sebene ipo, na mwenyewe ameagiza Mama Nzuzi aanze kucheza.

Lala salama, Papa. Tumekusikia.