Neno Walilotaka Nilitoe

Ndugu zangu mliofiwa machimboni, nimesimama niseme yangu. Mimi ni mtu wa ndani. Nina kidato cha nne, na safari yangu ndefu ni kutoka mtaani kwangu Ngokolo kwenda sokoni, nikirudi nalala kama niliyetembea toka Chato.

Mwanangu wa pekee alifukiwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita. Walipomfukua na kumleta nyumbani nilimtambua kwa mkanda. Baada ya maziko sikuoga. Nililalia shati lake mpaka likaacha kunuka yeye, likanuka mimi.

Kisha akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

"Shemeji, tumetoka kwa mganga. Aliyemloga mwanao ni bibi jirani yako, yule wa macho mekundu. Wewe ndiye mzazi. Toa neno tu, vijana watamaliza."

Nawaambia, nilitaka kulitoa. Nikasema, "Njoo kesho." Mnajua kesho ya namna hiyo huja na mapanga.

Nilikuwa na mpangaji, mnunuzi wa almasi upande wa Mwadui, mtu wa Sri Lanka, Mbudha. Kiswahili alikimudu, ila kwa Kisukuma alijua salamu ya asubuhi, "mwangaluka", tu. Nilikuwa namcheka: mbu akimng'ata anampuliza aende zake, maana dini yake inakataza kuua chenye uhai. Alinikuta jikoni nalia, nikamweleza.

"Mama, Buddha alianza hapa: kuishi kuna mateso. Kuugua, kuzeeka, kufiwa. Yanafika kila nyumba bila kutumwa na mtu. Yanazidi tukishikilia kisichokaa, na hakuna kinachokaa. Ukiachia, yanapungua."

"Niachie mwanangu?"

"Mpende. Achia kutaka asiwe amekufa."

Nilitamani kumchapa mwiko.

"Njia yetu ina mambo manane," akasema. "Yote huwezi leo. Moja ni kusema kweli isiyodhuru. Ulimwona bibi akiangusha udongo?"

Usiku kucha nililirudia swali lile.

Kesho yake shemeji na vijana walipokuja nikawaambia, "Mvua ilinyesha, duara halikuwa na magogo ya kutosha kuzuia udongo. Atakayemgusa bibi, nitamtaja polisi." Shemeji akatema mate mlangoni. Hanisalimii hadi leo.

Sijahama kanisa, katekista asinikodolee macho. Wala sijapona. Namshukuru mpangaji wangu, nanyi mlioketi nami mkekani bila kunipa ushauri. Uchungu ukikudai mtu wa kumlipisha, ndugu zangu, uache udai.

Asubuhi ile, walipokwisha kuondoka, bibi alikuwa anafagia uwanja wake. Nikamwambia, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kufagia.