Digrii Tisini za Fundi Cherehani

Benchi letu ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la cherehani, hatua tatu kutoka meza yangu ya kutengeneza viatu. Birika ndiye muuza kahawa, na akishamimina haondoki mpaka asikie mwisho wa maneno. Breki aliendesha malori miaka thelathini, sasa anaendesha mdomo. Mwalimu alistaafu zamani, ila kutusahihisha hajastaafu. Mimi wananiita Soli. Katikati yetu hukaa Fundi Cherehani, mwenye duka, na wiki tano nzima nafasi yake ilikuwa tupu. Goti lake la kushoto, lililokanyaga pedali tangu ujana wake, lilikuwa limekwisha kabisa. Madaktari wakalitoa, wakamwekea la chuma na plastiki. Asubuhi aliyorudi alikuja na magongo mawili, mkewe nyuma yake, akajishusha kwenye benchi taratibu kama anatua trei ya mayai. Mguu ukabaki umenyooka mbele kama mpini wa jembe, na wapita njia wakawa wanauzunguka.

— Lete tulione basi, Breki akasema.

— Mtalionaje? Liko ndani.

— Linauma?

— Linauma kistaarabu, Fundi akajibu. Lile la zamani lilikuwa linauma kihuni. Shida ya hili ni ugumu. Nikiamka asubuhi ni kama kuna mtu kapita akalimwagia saruji.

— Hiyo kawaida, Breki akasema. Injini ikifunguliwa na kufungwa upya, huikimbizi. Mdogomdogo. Ningekuwa wewe, nisingelikunja mwezi mzima.

Mwalimu akashusha kikombe.

— Hospitali wamesemaje?

— Wamesema nikunje. Nina wiki nne, halafu narudi kwa daktari. Lisipopita digrii tisini, watanichoma dawa ya usingizi, halafu walikunje wenyewe.

Birika akaacha kumimina.

— Walikunje na nini?

— Na mikono.

— Wewe umelala?

— Nimelala.

— Aa, basi afadhali.

— Afadhali nini? Nikiamka si ni langu!

Tukacheka, naye akacheka, lakini nilimwona mkono wake ukishika ukingo wa benchi. Mimi kazi yangu ni kutazama miguu ya watu, na mtu akiwa na hofu huonekana miguuni kabla ya usoni. Vidole vya mguu wake vilikuwa vimejikunja ndani ya kandambili.

Kesho yake Mwalimu akaja na kipimapembe cha mbao, kile kikubwa cha kupimia ubaoni, alichoondoka nacho shuleni siku ya kuagwa. Akapiga goti moja chini, akakiweka ubavuni mwa mguu wa Fundi, akafumba jicho moja.

— Kunja mpaka mwisho wako.

Fundi akakunja kidogo, akakunja uso zaidi.

— Sabini na nne, Mwalimu akatangaza.

— Sabini na nne mbona kafaulu huyo! Birika akasema.

— Mtihani huu wa kufaulu ni tisini.

Basi kijiwe kikapata kazi. Breki akaja na habari ya grisi.

— Goti la kuzaliwa lina grisi yake. Hili wamekuwekea kavu. Kula bamia, Fundi. Ule utelezi wote wa bamia unadhani unaenda wapi?

— Tumboni, Mwalimu akasema.

— Tumboni unapita tu. Unashuka.

Birika naye akasogea.

— Kosa mimi naliona. Goti hilo limetengenezwa na watu wa viti. Asubuhi kiti, jioni kiti. Mkeka hawaujui. Sasa wewe unalilazimisha kukunja, lenyewe linashangaa tu.

— Kwa hiyo afanyeje?

— Aongee nalo. Alizoeshe.

— Kwa lugha gani? Mwalimu akauliza, na Birika akajibu kwamba hilo ni swali la watu waliosoma.

Siku ya tano ikaibuka habari ya simu. Birika aliapa kwamba chuma cha goti na simu ya mfuko wa kushoto vinavutana, ndiyo maana mguu umeganda. Fundi akahamishia simu mfuko wa kulia. Mwalimu akapima. Sabini na tatu.

— Umeona! Birika akasema. Limekasirika.

Katika kelele zote hizo tulikuwa tunamuuliza jambo moja la maana.

— Mazoezi lakini unafanya?

— Nafanya nyumbani. Asubuhi, mchana, jioni.

Nasi tukaridhika.

Wiki ikaisha. Siku moja saa nne asubuhi mkewe akaja na barafu ameifunga kwenye taulo. Shemeji yetu huyu si mtu wa maneno mengi. Tangu mumewe alazwe, yeye ndiye aliyeshika mkasi na cherehani, na wateja wameanza kumsifia mishono. Akampa mumewe taulo, akatugeukia.

— Shemeji zangu, leo amekunja mara ngapi?

Breki akamtazama Birika. Birika akanitazama mimi.

— Akunjie hapa? Breki akauliza.

— Si ndipo anapofanyia? Nyumbani kila nikimkumbusha ananiambia keshamaliza huku, eti Mwalimu ndiye anamhesabia.

Mwalimu akainama, akawa anafuta vumbi kwenye kipimapembe chake, vumbi ambalo halikuwapo. Nyumbani alisema anafanyia kijiweni, kijiweni alisema anafanyia nyumbani, na goti limekaa katikati bila mwenyewe.

Shemeji hakupandisha sauti. Akakaa kwenye kigoda cha wateja wangu, wakawa wanatazamana uso kwa uso.

— Baba, kuna nini?

Fundi akawa analibonyezabonyeza lile taulo.

— Wiki ya pili, nilikuwa nakunja pale kitandani. Likalia. Tk! Nikausikia mlio mpaka kwenye meno. Nikajua chuma kimechomoka. Tangu siku hiyo nikitaka kukunja tu, jasho linanitoka. Naogopa, mama. Mtu mzima kama mimi, naogopa mguu wangu.

— Mbona hukuniambia?

— Ningekuambiaje? Ulikuwa unanishika mkono mpaka chooni, ukitoka hapo unakaa kwenye cherehani. Nije nikuambie na chuma nimekichomoa?

Breki akavua kofia.

— Na mimi ndiye niliyekuambia usilikunje. Nilikuwa naongea tu, Fundi. Mimi magoti siyajui. Najua breki.

Shemeji akatoa simu, akampigia dada wa mazoezi wa kule hospitali, akaweka sauti ya nje. Tukasogea wote, Fundi akaeleza ule mlio. Dada yule alikuwa na sauti changa lakini haina mchezo. Akauliza: goti limevimba kuliko mwanzo? Hapana. Lina joto jipya, mshono unatoa maji? Hapana. Homa? Hapana. Anaweza kuukanyagia mguu huo? Anaukanyagia.

— Basi baba, kulia kidogo hivyo huwa kupo. Ni chuma na plastiki vinagongana mle ndani. Lakini mimi sioni kwa simu. Kesho njoo nilitazame. Dawa ya maumivu unameza saa ngapi?

— Nikienda kulala.

— Na kukunja?

— Nilikuwa nakunja asubuhi.

— Yaani unakunja dawa ikiwa imekwisha nguvu! Lazima ukimbie. Meza vilevile ulivyoandikiwa, usizidishe, ila upange iwe nusu saa kabla ya mazoezi. Ukimaliza, mguu juu, barafu. Na huo mto unaouweka chini ya goti, uondoe.

Fundi akamtazama mkewe.

— Kajuaje habari za mto?

— Wote mnauweka, sauti ikasema. Goti likilala limepinda, kesho halinyooki. Weka mto chini ya kisigino. Goti litauma, lakini ndiyo dawa yenyewe.

Kesho yake wakaenda. Wakarudi kabla ya adhuhuri, na Fundi alishuka kwenye gari mwenyewe, anatabasamu kama mtu aliyefutiwa kesi. Chuma kiko mahali pake. Kumebaki kazi, basi.

Kazi yenyewe tuliifanyia benchini. Saa tatu na nusu Shemeji anampa kidonge. Saa nne Birika anamimina mzunguko wa kwanza, na Fundi anaweka mguu wa kushoto, ukiwa na soksi, juu ya kipande cha mfuko wa nailoni ili uteleze. Anavuta kisigino nyuma, chini ya benchi, mpaka pale panapokataa. Hapo anashikilia, Mwalimu anahesabu mpaka tano, halafu anaachia. Mara kumi. Mchana tena, jioni tena.

Siku ya kwanza, mara ya nne tu, uso ulimbadilika rangi.

— Hapa ndipo panapokataa, akasema huku amekaza meno.

— Panaumaje? nikamuuliza.

— Kama ngozi imeshonwa fupi. Kama suruali ya mtoto umemvisha mtu mzima, halafu unamwambia achuchumae.

— Suruali hiyo si unaijua wewe? mkewe akasema kutoka mlangoni, sindano mdomoni. Ivute kidogokidogo, usiipasue.

Breki akaona aibu kukaa anatazama. Akavua kiatu, akaanza kuvuta kisigino chake naye. Birika akafuata, birika mkononi. Mara hata Mwalimu akawa anahesabu huku anakunja. Hapo ndipo tulipojuana. Goti la Breki lilipiga kelele kama mlango wa ghala. Mimi, niliyekuwa najiona kijana wa kijiwe, mara ya saba nyonga ikanikamata nikaomba nisaidiwe kuinuka.

Mwalimu alikuwa akiandika kwa chaki ukutani: sabini na sita, sabini na tisa. Ikaja tena sabini na tisa. Halafu sabini na tisa ya tatu, na siku ile Fundi alirusha gongo lake likafika barabarani. Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

— Nimefanya kila kitu! Dawa, barafu, mto! Linataka nini tena hili?

Hakuna aliyemletea bamia wala simu. Breki aliinuka akachechemea kwenda kuliokota gongo, akalifuta, akaliegemeza ukutani.

— Leo tusipime, akasema. Tuvute tu.

Tukavuta.

Siku hiyohiyo nilimwomba kiatu chake cha kushoto. Nilikuwa nimekitazama siku nyingi. Mguu wake wa zamani ulikuwa umepinda kwa nje kama upinde, na soli ilikuwa imelika upande mmoja hadi kitambaa. Sasa mguu umenyooshwa, lakini kiatu bado kinamsukuma kupinda. Nikang'oa soli, nikaweka mpya iliyo sawa pande zote. Alipokivaa alitembea mpaka kwenye kona na kurudi, akasimama mbele yangu.

— Soli, nimerefuka?

— Umenyooka.

— Mke wangu, njoo utazame, nimerefuka!

Sijui kama ni kiatu, au kule kuacha kupima. Siku mbili baadaye Mwalimu alisoma themanini na nne, akasoma tena hakuamini. Halafu themanini na nane. Halafu siku moja kisigino kilipita chini ya benchi kikagonga tofali la nyuma, ambalo halijawahi kuguswa na kisigino cha Fundi, na benchi zima likapiga makofi.

Siku ya daktari hatukufanya kazi. Breki alikuwa anatazama barabara, Birika alimimina kahawa kwenye vikombe vilivyojaa. Mchana wakashuka, Fundi na mkewe. Gongo moja tu, na alikuwa amelibeba kwapani.

— Sema!

— Tisini na sita.

— Hawakuchomi ya usingizi?

— Hawanichomi. Daktari kasema niendelee. Ugumu wa asubuhi utakuwapo bado, pengine miezi. Kuvimba jioni nako. Kasema goti hili halitakuwa kama la ujana, lakini kazi yangu litafanya.

Akaingia dukani, akavuta kiti kwenye cherehani, akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali. Akakanyaga mara moja. Gurudumu likazunguka. Akakanyaga tena. Mkewe alimwachia mizunguko mitano, akamgusa bega.

— Inatosha kwa leo. Na hiyo nguo ni yangu, mshono usiniharibie.

Akatoka anacheka. Siku hiyo alikataa kukaa. Alichukua birika kutoka kwa mwenyewe, akasema leo anatuhudumia yeye, akawa anapita mbele ya benchi anamimina. Sisi tulikuwa kwenye mzunguko wa mchana wa kuvuta visigino, maana ulishakuwa mazoea. Breki ameshika goti kwa mikono miwili. Mwalimu ana taulo la barafu kiunoni. Birika mguu wake umekazika chini ya benchi, anaomba asisemeshwe. Mimi nilikuwa nahesabu na kuugulia kwa pamoja.

Akaja mama mmoja mgeni mtaani, kitambaa mkononi.

— Shikamooni wazee. Nimeambiwa fundi wa hapa anaumwa goti. Nimpe pole. Ni yupi?

Tukatazamana. Sote tumekaa tunaugulia, aliyesimama wima ni mgonjwa mwenyewe. Fundi akamkaribisha mgeni kikombe.