Bogdana Karaslavova na Kauri Iliyokuwa na Risasi

Ndugu, majirani, na ninyi wa Taasisi mliosimama kule nyuma, sogeeni msikie vizuri.

Dada yangu, marehemu Bogdana Stoyanova Karaslavova, alizaliwa mjini Troyan tarehe 9 Novemba 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Stoyan, mfinyanzi, na mama Mariyka, mshonaji. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Pasaka moja, mbele ya wageni, alimwambia bibi kwamba mkate mtamu haujaiva katikati, akachomeka kijiti kuonyesha. Kweli ulikuwa mbichi. Bibi hakusema naye mpaka Jumatatu, na sisi tulikula hivyo hivyo.

Alisoma Troyan, kisha akaenda Sofia kusomea kemia, akahitimu mwaka 1985. Shahada ya uzamivu aliipata 1991, na mwaka huo huo akaajiriwa na Taasisi hii ya utafiti, katika maabara ya kauri za umeme. Kauri hizo, vigae vya unga wa madini uliochomwa tanurini, zikibanwa hutoa umeme, na ndizo zilizomo katika mashine za kupimia wajawazito. Ubaya wake ni kwamba hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Alifunga ndoa na Krasimir Dolapchiev, mwalimu wa muziki, tarehe 4 Juni 1988. Krasimir husimulia hadi leo jinsi alivyompelekea banitsa, andazi la jibini, kazini, akaiweka juu ya tanuri ipate moto. Bogdana aliitupa yote kwenye pipa.

"Krasi, unataka kula risasi?" alimwuliza. "Tanuri hili limeinywa mpaka kwenye matofali."

Mwaka 2009 alichapisha makala kuhusu kauri isiyo na risasi hata chembe, yenye nguvu sawa na ile ya sumu. Dunia nzima ilimshangilia. Makala ile ilinukuliwa na wenzake wa fani zaidi ya mara elfu moja, Taasisi ikapanda daraja, na mkurugenzi, Profesa Lyudmil Hadzhigenchev, akawa haachi kuitaja kwenye kila hotuba. Kisha mwaka 2014 likaja tanuri jipya. Kauri ile ile, kwa vipimo vile vile, ikatoka haina nguvu. Bogdana alirudia miezi kadhaa kabla hajakubali kilichotokea. Mvuke wa risasi kutoka kuta za tanuri kuukuu ulikuwa umeingia kwenye kauri yake na kuipa nguvu. Alichokijua alipoitupa banitsa alikuwa amekisahau alipokuwa na furaha ya ugunduzi. Alilia, hilo nililiona. Halafu akakaa chini akaandika masahihisho.

Profesa alimwita ofisini. Bogdana alinisimulia jioni ile.

"Bi Bogdana, subiri kidogo," Profesa alimwambia. "Tathmini ya Taasisi ipite kwanza. Nani atakufa?"

"Na wanaochoma kauri kwa kunifuata mimi, Profesa, nao wasubiri?"

Hakusubiri. Aliyachapisha masahihisho yake kwa jina lake peke yake, na mwezi uliofuata akanyang'anywa maabara. Walimpa chumba cha kuhifadhia chupa tupu. Makala yenye kosa iliendelea kunukuliwa. Masahihisho yalinukuliwa mara kumi na moja, nne kati ya hizo na yeye mwenyewe. Vijana wa nchi nyingine waliendelea kupoteza miaka yao wakitafuta nguvu isiyokuwepo, na Taasisi ikaendelea kuhesabu sifa. La kuvunda halina ubani, lakini hawa walifukiza bila kuona haya.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Septemba mwaka jana. Krasimir alimuuguza nyumbani kwa upole ambao sikuutarajia kwa mwanamume asiyejua hata kupika supu. Siku zake za mwisho Bogdana alinishika mkono, akaniambia, "Ventsi, wasinizike na uongo ule." Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Februari 2024, akiwa na miaka sitini na miwili.

Kesho yake Taasisi ilibandika tangazo la kifo getini: "Mgunduzi wa kauri isiyo na risasi." Nililichana mimi, Ventsislav, mdogo wake. Anayetaka kunishitaki, nipo.

Marehemu ameacha mume, Krasimir, binti, Yoana, mjukuu, Kaloyan, na mimi. Ameacha pia makala mbili, na aliyempenda asome ile fupi, ya masahihisho.

Sasa, Profesa Hadzhigenchev. Shada lako ni zuri, na maua yake tunayapokea. Lakini utepe wake umeandikwa maneno yale yale ya getini. Njoo uutoe kwa mkono wako. Padri amekubali kungoja, na wachimbaji wamekubali kungoja. Jeneza halitashuka kabla ya hapo.

Kisha dada yetu apumzike kwa amani.