Pembe ya Wakubwa Iko Tupu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haivuki tena chumba, na wewe Voahangy nipe tone la maji ya ukoko wa wali, ulimi umekauka. Leo niliwaomba kaka zako wauhamishe mkeka wangu kutoka pembe ya kaskazini-mashariki, wanapokaa wakubwa wa nyumba tangu enzi za mababu, waulete huku kusini, mlangoni, penye kuku na majembe. Solofo akaninong'oneza, "Baba, wazee wa kanisa wakija watasema tumekutupa." Waache waseme. Bwana wetu alilazwa penye mifugo, wala hakuuliza kaskazini ni wapi.

Si kwamba nimekuwa mtakatifu. Pembe ile niliipenda, na kila kuku aliyechinjwa humu nililetewa kipande cha mkiani, heshima ya mkubwa. Hata niliposimama kuhutubia harusini, nikaanza kwa kuomba radhi kama ilivyo ada yetu, kwamba mimi ni mdogo, sistahili kufungua kinywa mbele ya wakubwa, sikio langu moja lilikuwa likitafuta atakayesema, "Hakuna anayejua kujishusha kama mzee Ranaivo." Kiburi nacho hujua kuvaa shuka jeupe.

Nanyi mmekirithi kabla sijafa. Siku ya posa ya dada yenu huyu, Solofo alikuwa bado anaomba radhi, anajishusha na kujishusha, wewe Njaka ukadakia, "Kaka, umeshasamehewa, wageni wana njaa." Watu wakacheka. Tangu hapo hamli chungu kimoja, mmoja husali ibada ya asubuhi, mwingine ya jioni, na kila mmoja anangoja mwenzake aje kwanza. Nikifa mkiwa hivi, nani atabeba jeneza langu bega kwa bega na nani?

Basi pembe ndiyo ile, tupu. Anayeitaka aende.

Ee, Solofo anasogea huku mlangoni. Na Njaka naye huyo, anamsukuma kaka yake kwa bega apate kukaa chini zaidi. Unawaona, Voahangy? Jana waligombea juu, leo wanagombea chini. Usinichekeshe, mwanangu, nitakohoa.

Sikieni. Mashamba ya mpunga msiyagawe. Mnajua yalivyopangwa mlimani: la juu likishiba hufungulia la chini maji, wala halijisifu kwamba limejishusha, na la chini hupokea bila kuona haya. Ishini hivyo. Kwenye pembe ile akae Voahangy, aliyeifagia miaka yote bila kuikalia. Mazikoni pasiwe na hotuba ndefu, na mtu asiseme nilikuwa mnyenyekevu. Someni zaburi, mnifukie, mkale wali.

Njaka, shika kikombe hiki, mpe kaka yako anywe kwanza. Usiseme neno. Kuombana radhi kwa maneno sisi tunakujua mno, ndiko kulikotuponza. Solofo, kunywa, umrudishie.

Mungu aliyejishusha hadi kwetu awa... awashike mkono, wote watatu. Awape mvua kwa wakati wake. Awape... Niinueni kichwa kidogo. Hivyo.

Kikombe kimerudi kwa Njaka? Macho yangu hayaoni tena.

Nasikia anakunywa. Basi. Amina.