Hughie Gildea na Basi la Galway

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo, mkae. Asubuhi hii tunamkumbuka Hughie Gildea wa Ardara. Hughie amefariki dunia Jumanne, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minne.

Wengi mlimjua kwa lile basi dogo jeupe. Kwa miaka kumi na sita Hughie aliendesha basi la hisani kutoka kwetu Donegal hadi hospitali ya Galway, hapa hapa Ireland, akiwapeleka wagonjwa wa saratani kwenye matibabu ya mionzi. Jumatatu anawapeleka, Ijumaa anawarudisha. Mwendo wa saa nne, bila nauli. Aliimba njia nzima, tena vibaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Lakini kuna jambo lililomuuma Hughie miaka yote hiyo, na mwenyewe hakulificha.

Mwaka wake wa kwanza alimpigia simu Bríd Cannon, mshonaji wa Glenties aliyetakiwa kuanza mionzi. "Bi Bríd, nikupitie Jumatatu?" Bríd akajibu, "Aa, usijisumbue kwa ajili yangu, bwana. Nitafika tu." Hughie akasema haya, akakata simu.

Wasikilizaji wapendwa, sisi tunajuana. Ukikaribishwa chai huku kwetu, unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, ya tatu ndiyo unavuta kiti. Hughie amezaliwa hapa, alijua. Ila siku hiyo alikuwa na haraka. Aliuliza mara moja tu.

Bríd alipanda mabasi matatu hadi Galway, huku akitapika njiani. Wiki ya pili hakwenda. Ya tatu hakwenda. Akafariki kabla ya Pasaka. Kama mionzi ingemponya, hakuna ajuaye. Kaka yake, Francie Cannon, hakumsalimia tena Hughie, hata kanisani.

Tangu hapo Hughie hakumwamini mgonjwa yeyote aliyesema hapana. Simu aliiacha. Alikuja na basi mpaka mlangoni, akazima injini, akaingia jikoni, akakaa. "Kiti kinakwenda Galway, ukikalie usikikalie," alikuwa akisema. "Sasa vaa viatu."

Mwaka juzi saratani ikamfikia mwenyewe. Ya koo. Wiki sita za mionzi, huko huko Galway. Binti yake, Gráinne, akamsihi apande basi. Hughie akakataa. "Kiti changu mpeni mwenye watoto wadogo." Akamsihi mara ya pili, ya tatu, ya tano.

"Nililia," Gráinne ameniambia. "Nikamwambia, Baba, sikio la kufa halisikii dawa. Akanipa mgongo, akaenda kulisha kuku."

Jumatatu ikafika. Basi liko nje na dereva mwingine, Hughie yuko jikoni na soksi tu miguuni. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia Francie Cannon, baada ya miaka kumi na tano bila salamu. Akavuta kiti, akakaa.

"Nenda zako, Francie. Sijakuita."

"Hujaniita, kweli. Dada yangu alisema hapana mara moja, ukamwamini. Mimi wewe sikuamini hata useme mara mia."

Hughie akafunika uso kwa mikono. "Nilikosa, Francie."

"Ulikosa, ndiyo. Vaa viatu, mzee. Watu wanangoja."

Wiki zote sita walikaa kiti kimoja. Hughie aliishi zaidi ya mwaka baada ya hapo. Alimpakata mjukuu wake wa kwanza. Na alipopata nafuu alimfundisha Francie kuendesha basi, akimfokea kila kona.

Gráinne, pole sana, wewe na nyumba nzima ya Gildea. Francie, pole nawe. Mungu amlaze Hughie mahali pema. Maziko ni kesho saa tano asubuhi, Ardara.

Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: ni jirani gani aliyetuambia "usijisumbue", tukashukuru moyoni, tukaenda zetu?

Kuna mama mmoja Killybegs, jina lako silitaji. Wiki hii umeambiwa uanze mionzi, nawe umesema hutaki kumsumbua mtu. Mama, Francie ameniomba nikufikishie ujumbe. Jumatatu saa moja asubuhi atakuwa jikoni kwako.